"Akili anazo, ila mvivu": jibu kwa mwanafunzi mwenye usonji

Swali

Shikamoo mwalimu. Mimi ni msichana wa miaka 16. Mwaka jana niligundulika kuwa na usonji (kwa Kiingereza autism), yaani ubongo wangu hufanya kazi tofauti na wa wengi. Watu walishangaa kwa sababu mimi ni mtulivu na darasani sisumbui. Hesabu na kemia napata alama za juu, lakini insha narudisha karatasi tupu au nusu ukurasa, na kazi za nyumbani naziangalia tu mpaka usiku unaisha. Walimu wanasema akili ninazo ila mvivu. Nikifika nyumbani siwezi kuongea na mtu, siku nyingine nalia bila sababu, na mama anashangaa maana shuleni anaambiwa niko sawa. Nimejitahidi zaidi, hali ikazidi kuharibika. Nifanye nini nifaulu kama wenzangu? Na je, nimwambie rafiki yangu ninayekaa naye dawati moja?

Jibu

Marahaba, mwanangu. Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara macho yananasa palepale: "Nimejitahidi zaidi, hali ikazidi kuharibika." Nianzie hapo, maana hapo ndipo ulipo ufumbuzi.

Nimefundisha na kushauri wanafunzi wenye usonji kwa zaidi ya miaka 20. Wengi niliowakuta wamekwama hawakukwama kwa uvivu wala kwa kukosa akili. Nguvu zao zilikuwa zinaishia njiani kabla hazijafika kwenye daftari. Kila mtu anaamka na nguvu za siku moja. Za kwako zinatumika kuvumilia kelele, kukumbuka kuwatazama watu usoni, kubashiri wenzako wanamaanisha nini, kubana mikono isichezecheze, kucheka wengine wanapocheka. Ikifika saa tano asubuhi umeshafanya kazi ya kutwa nzima, na hakuna aliyeiona. Ukiambiwa ujitahidi zaidi, unachozidisha ni kujificha, na kujificha kunakula zile zile nguvu ambazo insha ilikuwa inazingoja.

Kwa hiyo sitakuomba ujitahidi zaidi. Nataka tutafute nguvu zako zinavujia wapi, tuzibe moja baada ya nyingine, halafu tuone kitakachobaki kwa ajili ya masomo. Mara nyingi hubaki kingi.

Kwanza hili neno "mvivu". Mvivu haketi mbele ya daftari mpaka usiku uishe huku moyo unamuuma. Anakwenda kulala. Anayekaa pale anataka kufanya na hawezi kuanza, na hilo ni tatizo lingine lenye dawa nyingine. Nitalirudia baada ya muda mfupi, kwa sababu naona ndilo linalokutesa kuliko yote.

Utulivu wako ndio uliokuchelewesha kugundulika. Daktari Leo Kanner alipoandika maelezo yake ya mwanzo kuhusu usonji mwaka 1943, alieleza habari za watoto 11, na kati yao wavulana walikuwa 8. Kwa miaka mingi baada ya hapo watu waliutazama usonji kama jambo la wavulana, tena wavulana wanaoonekana wazi. Msichana anayekaa kimya, anayewachunguza wenzake na kuwaiga, alipita bila kuonekana. Waliokuambia "mbona huonekani" walikuwa wanatazama matokeo ya kazi yako kubwa ya kujificha. Wao wanadhani wanakusifu. Mimi nasikia gharama uliyoilipa.

Gharama hiyo inadaiwa jioni. Yule mtoto ambaye shuleni "yuko sawa" na nyumbani analia ni mtoto aliyejibana saa saba au nane mfululizo, kisha akafika mahali salama akaachia. Kulia kwako kuna sababu, ila sababu ilitokea asubuhi. Mwombe mama jambo moja tu: saa moja ya kwanza baada ya kufika nyumbani usiulizwe kitu, usipewe kazi, usifungue daftari. Chumba kiwe na mwanga mdogo, ule kitu unachokizoea, ucheze mikono utakavyo, urudie wimbo ule ule hata mara 30 kama ndivyo unavyotulia. Huko ni kurudisha nguvu. Najua wazazi wengi huona saa hiyo imepotea. Nimewaona walioijaribu kwa wiki mbili wakaacha kugombana na watoto wao kila jioni.

Kama kilio kinaendelea hata siku za mapumziko, au umeacha kula, au yanakujia mawazo ya kujidhuru, usingoje mbinu zangu. Mwambie mama leo, umwone daktari au mshauri nasaha. Wasiwasi na huzuni huwapata sana vijana wenye usonji, na vyote viwili vinatibika.

Sasa tutafute mivujo. Niliwahi kuitwa kumwangalia kijana ambaye mwalimu wake alilalamika kwamba hasikilizi. Wenzake walipotoka mapumziko, nikaomba nikae kwenye kiti chake. Dakika mbili za mwanzo sikusikia kitu. Ya tatu nikaanza kuisikia taa ya tyubu iliyokuwa juu ya kichwa changu, mvumo mwembamba kama wa nyuki aliyenaswa chupani, na mwanga wake ukitetema kila nilipoutazama kwa pembe ya jicho. Kisha feni, yenye panga moja lililolegea: tak, tak, tak. Baada ya dakika kumi niliinuka kichwa kinauma, na mimi masikio yangu hayana shida. Tulimhamisha viti vitatu kando, karibu na dirisha. Hakupewa kitu kingine chochote. Muhula ule malalamiko yaliisha.

Usikubali mtu akuambie huku ni kudeka. Chama cha madaktari wa magonjwa ya akili cha Marekani kilipotoa toleo la tano la mwongozo wake wa utambuzi mwaka 2013, namna mwili unavyopokea sauti, mwanga, harufu na mguso iliingizwa rasmi katika vigezo vya usonji. Kuna wanaozidiwa na vitu hivyo, kuna wasiovihisi vya kutosha, na kuna walio na hali zote mbili kwa mtu mmoja: lebo ya shati inamchoma shingoni, lakini njaa haisikii mpaka mikono ianze kutetemeka. Kama njaa, kiu au haja ndogo huzitambui mapema, usingoje mwili ukuambie. Weka saa maalumu. Kunywa maji kila kengele ya mapumziko, uwe una kiu au huna.

Fanya hivi kwa wiki moja. Chukua kidaftari kidogo, na mwisho wa kila kipindi andika namba moja tu, kuanzia 1 hadi 5. Moja ni umetulia, tano ni unataka kukimbia. Nasema namba kwa sababu wengi wenye usonji wakiulizwa "unajisikiaje?" hawapati jina la hisia hiyo, lakini wakiulizwa imefika ngapi wanajibu papo hapo. Pembeni ya namba andika ulikaa wapi, nani alifundisha, na kulikuwa na nini cha ziada. Ijumaa kaa uangalie zile 4 na 5 zimeangukia wapi. Unaweza kukuta si somo kabisa. Huenda ni kipindi kinachofuata gwaride, au kile cha baada ya chakula ambapo darasa zima linanuka. Ukishajua, jambo la kuomba linakuwa dogo na la wazi: kubadilishiwa kiti, kuvaa vizibo vya masikio wakati wa kujisomea, kuingia darasani dakika mbili kabla ya msukumano wa kwenye korido.

Na kutazamana macho. Hapa nina kosa langu la kukiri. Miaka yangu ya mwanzo nilikuwa na mwanafunzi wa miaka 12 niliyekuwa namwambia kila mara, "Niangalie ninapoongea na wewe." Aliniangalia, kwa utii kabisa, na kila nilipomuuliza nimesema nini hakujua. Siku moja akanijibu kwa sauti ndogo: "Mwalimu, nikikutazama sikusikii." Nilikuwa nimemnyang'anya masikio nikidhani namfundisha adabu. Tangu siku hiyo sijamlazimisha mtoto yeyote. Wewe tazama ubao, tazama mikono yako, chora mistari pembeni mwa daftari kama inakusaidia kusikiliza. Nitakuonyesha mbele jinsi ya kumweleza mwalimu ili asidhani unamdharau.

Tuje kwenye insha na kazi za nyumbani.

Niliketi na kijana wa umri wako mbele ya karatasi iliyoandikwa "Eleza likizo yako." Dakika 20 zikapita kalamu haijagusa karatasi. Mwalimu wake alikuwa amesimama nyuma yetu akipumua kwa hasira. Nikamuuliza kijana, "Sasa hivi unafikiria nini?" Akasema: "Likizo mwaka huu zimekuwa tatu, hawajasema ipi. Kichwa cha insha kinakaa katikati au kushoto? Nianze na siku ya kwanza au na siku nzuri? Na wanataka kujua nini hasa, na kwa nini wanataka kujua?" Nikamjibu: likizo ya mwisho, kichwa katikati, anza na siku ya kwanza tangu ulipoamka, sentensi 15, na anayesoma anataka tu kuona kama unaweza kupanga habari. Aliandika ukurasa mmoja na nusu bila kuinua kichwa.

Yule hakukosa maneno. Milango ilikuwa mingi mno na hakuna aliyemwambia aingie upi. Wanafunzi wengine wanabahatisha mlango wowote na kusonga mbele, wewe unasimama kwa sababu umeona kwamba swali halijakamilika. Na kusema kweli, mara nyingi halijakamilika. Katika hesabu na kemia swali linakuja na mipaka yake, ndiyo maana huko unang'ara. Insha inakutaka uiweke mipaka mwenyewe.

Basi jifunze kuiweka kabla ya kuandika. Maswali matatu: ipi, ndefu kiasi gani, inaanza na nini. Ukiwa darasani, muulize mwalimu. Ukiwa kwenye mtihani hapana wa kumuuliza, kwa hiyo kata shauri mapema kabla ya siku ya mtihani: "Swali likinipa nafasi ya kuchagua, nitachukua wazo la kwanza lililonijia, hata kama si bora." Mtahini hatafuti kilicho bora. Anatafuta hoja zilizopangwa. Kwa kila aina ya insha jitengenezee kiunzi kimoja, aya ya kwanza inafanya nini, ya pili nini, ya mwisho nini, ukikariri kama unavyokariri kanuni za kemia. Hii si kudanganya wala kuua ubunifu. Ni kupata pa kushika, na ubunifu utakuja mikono ikishatulia.

Maneno ya maswali nayo yasikuache ukibashiri. Tafuta mitihani iliyopita pamoja na mwongozo wa kusahihishia kama unapatikana, ukae na mwalimu akuonyeshe kila neno linadai nini. Kwa kawaida "taja" inataka orodha bila sababu, na ukieleza unapoteza muda. "Eleza" inataka kwa nini au kwa namna gani. "Jadili" inataka pande zote mbili kisha msimamo wako. "Linganisha" inataka yanayofanana pia, na wengi huandika tofauti peke yake. Angalia na alama zilizoandikwa mwisho wa swali: swali la alama mbili halihitaji ukurasa, hata kama unayajua mengi na yote yanakuvutia. Na katika hesabu onyesha njia, hata ile hatua uliyoifanya kichwani ukaona haina haja ya kuandikwa. Wanafunzi wenye usonji wanapoteza alama nyingi hapo kwa sababu hawaoni maana ya kumweleza mtu jambo ambalo yeye analijua tayari. Msahihishaji hayupo kujifunza kwako, anahesabu hatua tu.

Hilo la kushindwa kuanza lina maelezo yake. Mwaka 2005 watafiti Dinah Murray, Mike Lesser na Wendy Lawson waliandika kwamba umakini wa mtu mwenye usonji huelekea kukusanyika mahali pachache kwa nguvu nyingi. Mimi huwaeleza wanafunzi wangu kwa tochi. Wengine wana taa inayomulika chumba kizima kwa mwanga hafifu. Wewe una tochi yenye mwanga mwembamba na mkali. Inapomulika, unaona mambo ambayo wengine hawayaoni. Shida inakuja ukitakiwa kuihamisha. Kuitoa kwenye jambo moja na kuipeleka kwenye lingine ni kazi nzito, na siku yako ya shule imejaa kuhamisha tochi: kengele, somo jipya, kengele, somo jipya. Jioni unaambiwa uihamishe tena kwenye kazi ya nyumbani.

Kwa hiyo njia ni kuzipunguza zile nyakati za kuanza. Kazi ya nyumbani ianzie shuleni. Kabla mwalimu hajatoka, fungua ukurasa, andika tarehe, nakili swali la kwanza, andika hata maneno matatu ya jibu. Jioni utakuta kazi imeshaanza, unachotakiwa ni kuendelea, na kuendelea kwako ni rahisi mara kumi. Vivyo hivyo ukilazimika kuacha katikati, acha sentensi haijaisha. Kesho yake mkono unajua pa kuingilia.

Jambo lingine linaloonekana dogo mno: kaa karibu na mtu anayefanya kazi yake. Asikufundishe, asikusimamie, awepo tu. Mama akikunja nguo mezani na wewe uko na daftari ubavuni pake, kuna kitu kinachoufungua mwili. Nimeliona kwa wanafunzi wengi kiasi kwamba sasa ndilo la kwanza ninalowaambia wazazi. Alamu ya simu inawafaa baadhi, wengine inawashtua na kuwavuruga kabisa. Ijaribu siku mbili, na ikikukera iache.

Na ukikaa nusu saa hujaandika kitu, inuka. Usikae kujihukumu mpaka usiku wa manane. Lala. Usingizi tayari ni shida kwa wengi wenye usonji, na insha iliyoandikwa saa nane za usiku unailipia siku inayofuata.

Walimu wako hawajui lolote kati ya haya, na hawatajua kwa kukutazama. Kuzungumza nao ana kwa ana kunaweza kukukausha mdomo, kwa hiyo andika. Karatasi moja, fupi, yenye mambo wanayoweza kuyafanya kesho asubuhi. Usiwaeleze usonji ni nini kwa kurasa tatu. Waambie unahitaji nini. Kwa mfano:

"Mwalimu, nina usonji. Nalipenda somo lako na nataka kufanya vizuri. Mambo matatu yatanisaidia. Naomba maelekezo ya insha yaandikwe ubaoni, pamoja na urefu unaotakiwa. Naomba nikae mbele pembeni, mbali na mlango. Nikiweka kadi ya njano mezani naomba nitoke dakika tano bila kuulizwa, nitarudi mwenyewe. Nisipokutazama unapofundisha, ujue ndipo ninapokusikiliza zaidi."

Mpe kwanza mwalimu unayemwamini kuliko wote, hata kama si wa insha. Akikuelewa, mwombe awafikishie wengine. Mzazi aende pamoja na ripoti ya daktari, hasa kwa upande wa mitihani: muda wa ziada, chumba kisicho na kelele, mapumziko mafupi katikati. Haya huombwa kwa maandishi na huchukua miezi, kwa hiyo yaanze mwanzoni mwa mwaka wa masomo, si wiki ya mtihani. Yakitokea maneno kwamba mnataka upendeleo, mkumbuke Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao nchi nyingi sana duniani zimeuridhia. Ibara yake ya 24 inahusu elimu, na inazitaka nchi zihakikishe mwanafunzi anapata marekebisho yanayofaa mahitaji yake. Muda wa ziada haukupi majibu. Unakupa nafasi ya kuyaandika yale unayoyajua.

Kazi za vikundi hukuzitaja, nami nitapita haraka: omba upewe jukumu moja lenye jina, kama kuandika, kukagua mahesabu au kuchora. Kikundi ambacho "kila mtu atasaidia" ndicho kinachomwacha mtu kama wewe amesimama pembeni.

Umeuliza ufanye nini ufaulu "kama wenzako". Hapo mwanangu nakupinga kidogo. Uwezo wako umepanda na kushuka kama milima na mabonde, kemia juu, insha chini, na hivyo ndivyo ilivyo kwa wengi wenye usonji. Kosa la walimu wako ni kudhani kwamba aliye juu hapa lazima awe juu pale, asipokuwa ni makusudi. Usilifanye kosa hilo hilo juu yako mwenyewe. Mabonde yajazwe mpaka yasikuzuie kuvuka, basi. Nguvu kubwa iende kwenye mlima.

Temple Grandin, profesa wa sayansi ya wanyama Marekani na mtu mwenye usonji, alipokuwa msichana wa umri wako alivutiwa na kibanio kinachotumika kuwashika ng'ombe wakati wa kuchanjwa. Aliona wanavyotulia wakibanwa, akajitengenezea cha kwake, maana mguso wa watu ulimzidi na shinikizo la kibanio lilimtuliza. Watu wa shule walishtuka. Mwalimu wake wa sayansi, William Carlock, hakumcheka wala hakukichukua kile kibanio. Alimwambia atafute kwa njia ya sayansi kwa nini kinamtuliza, na ili kutafuta ilimbidi asome. Msichana ambaye masomo yalikuwa hayamshiki akapata sababu ya kufungua vitabu, na mwaka 1989 alipata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Illinois. Ninachokipenda katika habari hiyo ni mwalimu. Alilipokea lile lililoonekana la ajabu kwa mwanafunzi wake, akalifanya mlango wa kuingilia darasani.

Kwako mlango uko wazi: kemia. Unapojifunza kupanga insha, usijifunzie kwenye likizo. Andika jinsi chumvi inavyoyeyuka, andika kwa nini chuma kinashika kutu. Habari unazo tayari, kwa hiyo akili yote itashughulika na mpangilio. Viunzi vikishazoeleka, vihamishie kwenye mada walizokupa.

Sasa rafiki yako wa dawati. Hakuna anayekudai siri hii, na usimwambie mtu kwa kuona haya au kwa kusukumwa. Jiulize mambo mawili. Je, siri nyingine uliyompa aliitunza? Na anapokutania, akiona umeumia, huacha? Anayeacha ni rafiki. Anayeendelea baada ya kuona umeumia anakuonea, hata akisema ni utani, na hilo andika tarehe umpelekee mtu mzima.

Kama majibu yote ni ndiyo, mwambie. Mwaka 2012 Damian Milton, mtafiti wa Uingereza ambaye mwenyewe ana usonji, aliandika kwamba kutoelewana kati ya mwenye usonji na asiye nao kuna pande mbili: kila mmoja anashindwa kumsoma mwenzake. Mwaka 2020 Catherine Crompton na wenzake wakatoa matokeo ya jaribio ambalo watu walisimuliana hadithi mmoja baada ya mwingine, kama mchezo wa kupokezana maneno. Msururu wa watu wenye usonji peke yao uliifikisha hadithi sawa na msururu wa wasio na usonji. Hadithi ilipotea zaidi pale walipochanganywa. Maana yake ni kwamba hukuumbwa bila uwezo wa kuelewana na watu. Mnahitaji tu kuambiana yale ambayo wengine wanayaacha yabashiriwe. Na ukibahatika kumpata shuleni mwenzako mwenye usonji, msogelee, utashangaa mazungumzo yalivyo mepesi.

Usimwite rafiki yako pembeni kwa kikao kizito. Mkiwa mnatembea, au mmekaa ubavu kwa ubavu dawatini ambapo hakuna haja ya kutazamana, mwambie: "Nina usonji. Ndiyo maana darasa likipiga kelele nanyamaza. Sijakukasirikia. Siku hizo kaa tu karibu yangu, usiniulize kitu mpaka niongee mwenyewe." Kisha mwache aulize atakavyo, na swali usilotaka kulijibu mwambie, "Hilo siku nyingine."